Kutoka Figo ya Tumbili hadi Chanjo ya Mtoto: Historia ya Ukuzaji wa Seli za Wanyama na Maswali Yake ya Kifiqhi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Kila inapotangazwa kampeni ya chanjo, maimamu huulizwa swali lile lile: je, ni kweli kwamba dawa hii imetengenezwa kwa figo ya nyani na kongosho ya nguruwe? Majibu mawili husikika upesi. Wa kwanza husema huo ni uzushi mtupu, hakuna mnyama yeyote anayehusika. Wa pili husema ni kweli, basi ni haramu, na wazazi wasiwatoe watoto wao. Majibu haya yanapingana, lakini kasoro yao ni moja. Wote wawili wamehukumu kabla ya kujua.

Maulamaa wetu wametuachia kanuni mashuhuri kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe. Faqihi hakuweza kutoa hukumu ya ngozi iliyodabighiwa bila kujua kazi ya mdabighi, wala hukumu ya siki bila kujua jinsi mvinyo unavyogeuka. Makala hii haikusudii kutoa fat'wa. Inakusudia kueleza historia ya kazi inayoitwa ukuzaji wa seli za wanyama maabarani, kisha kuonyesha ni wapi katika kazi hiyo maswali ya fiqhi yanapozaliwa, na maulamaa wameyajibu vipi.

CHURA, KUKU NA MWANZO WA KAZI

Mwili wa mnyama umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo zenye uhai ambazo jicho tupu haliwezi kuziona. Seli hizo si za aina moja. Ya figo ina kazi yake, ya moyo ina yake, na ya mshipa wa fahamu ina yake. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu aliyetaka kuzichunguza kwa undani hukata kipande cha nyama, hukipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Alichokitazama kilikuwa kimeshakufa.

Mwaka 1907 mtaalamu wa Marekani aitwaye Ross Harrison alitangaza jaribio la namna nyingine. Alichukua kipande kidogo kutoka kwenye kiinitete cha chura, sehemu ambayo huzaa mishipa ya fahamu, akakiweka ndani ya tone la limfu ya chura na kulining'iniza tone hilo chini ya kioo. Akaona kwa macho yake nyuzi za fahamu zikichipuka na kurefuka kutoka ndani ya seli. Wakati huo wakubwa wa elimu hii walikuwa wakibishana juu ya asili ya nyuzi hizo. Golgi wa Italia na Ramón y Cajal wa Hispania walikuwa wamegawana tuzo ya Nobel mwaka 1906 huku wakipingana waziwazi. Tone la Harrison liliupa nguvu upande wa Cajal, na lilithibitisha jambo kubwa zaidi, kwamba seli maalumu ya mnyama inaweza kuishi na kukua nje ya mwili wake ikipewa chakula, joto na usafi.

Baada yake alikuja Alexis Carrel, Mfaransa aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Januari 1912 alianza kukuza seli kutoka kwenye moyo wa kiinitete cha kuku, akizilisha maji ya damu ya kuku na mchuzi wa viinitete. Utunzaji wa seli hizo uliendelea mpaka mwaka 1946, miaka miwili baada ya kufa Carrel mwenyewe. Magazeti yakaeneza habari ya moyo usiokufa, na wataalamu wengi wakaamini kwamba seli yoyote ikilishwa vizuri itaishi milele.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba sivyo. Seli za kawaida za binadamu walizozikuza zilijigawa mara 50 hivi, kisha zikasimama na kufa. Maelezo yaliyopata nguvu kuhusu seli za Carrel ni kwamba mchuzi wa viinitete aliokuwa akiziongezea ulikuwa ukiingiza seli mpya bila kujulikana. Waislamu tunaamini kuwa kila chenye nafsi kitaonja mauti, wala imani yetu haikungoja maabara. Lakini habari hii inafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine: kosa lililoaminiwa na wakubwa kwa karibu miaka 50 lilirekebishwa na mtu aliyerudia jaribio kwa uangalifu badala ya kupokea tu.

POLIO NA FIGO ZA KIMA

Kazi hii ilitoka kwenye udadisi na kuingia kwenye tiba kwa sababu ya ugonjwa wa polio. Virusi si kama bakteria. Haviwezi kukuzwa kwenye mchuzi peke yake, vinahitaji seli hai za kuzaliana ndani yake. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa virusi vya polio hukua ndani ya seli za fahamu tu, na chanjo iliyotokana na uti wa mgongo wa mnyama ingeweza kumdhuru mtu ubongo. Mwaka 1949 wataalamu watatu wa Boston, yaani Enders, Weller na Robbins, walithibitisha kwamba virusi hivyo hukua pia katika tishu zisizo za fahamu. Wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1954. Wao walitumia tishu za viinitete vya binadamu, na hiyo ni mas'ala nyingine yenye hukumu zake ambayo haimo katika makala hii.

Baada ya hapo ikatafutwa tishu inayopatikana kwa wingi, na ikachaguliwa figo ya kima wa aina ya rhesus. Figo hukatwakatwa vipande, kisha vipande hivyo hutiwa tripsini, kimeng'enya kinacholegeza gundi inayoziunganisha seli. Seli zikishaachana humiminwa kwenye chupa, hushika chini yake na kuenea kama zulia jembamba. Virusi hutiwa hapo, huzaliana, kisha huvunwa. Kwa njia hii ilitengenezwa chanjo ya Jonas Salk, ambayo matokeo ya majaribio yake yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955.

Njia hiyo ilikuwa na aibu mbili ambazo mwenye kuzungumza na waumini hafai kuzificha.

Ya kwanza ni kwamba figo za wanyama waliokamatwa porini huja na magonjwa yao. Mwaka 1960 Ben Sweet na Maurice Hilleman walitangaza kugundua kirusi cha kima, kilichoitwa SV40, ndani ya seli hizo. Kirusi hicho kilisababisha uvimbe kwa panya wa maabara wa aina ya hamsta, na kabla yao Bernice Eddy, mtaalamu wa serikali ya Marekani, alikuwa ameshaona hamsta wakiota uvimbe kutokana na mchuzi wa seli za figo za kima. Mamilioni ya Wamarekani waliochanjwa baina ya mwaka 1955 na 1963 walikuwa wamepata dozi zenye kirusi hicho. Mwaka 2002 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia ushahidi wote na kusema hautoshi kuthibitisha wala kukanusha kwamba kirusi hicho kiliwaletea watu saratani.

Ya pili ilitokea mwaka 1967, na inagusa ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade nchini Yugoslavia, waliugua homa kali ya kutoka damu baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda, ambao figo zao zilikuwa zikitumika kukuzia seli. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Kirusi kilichowaua kikaitwa Marburg kwa jina la mji huo, ingawa kilikuja na tumbili wa kwetu.

SELI IITWAYO VERO

Haja ya kuacha kuua kima na tumbili kwa maelfu, na ya kuwa na seli zinazojulikana asili yake, ndiyo iliyoipa umaarufu kazi ya Yasumura na Kawakita wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Tarehe 27 Machi 1962 walianza kukuza seli za figo ya tumbili mmoja wa kijani wa Afrika. Seli hizo hazikusimama kujigawa kama seli za Hayflick. Waliziita Vero, kwa kufupisha maneno mawili ya lugha ya Kiesperanto yenye maana ya figo ya kijani. Na neno vero lenyewe katika lugha hiyo lina maana ya ukweli.

Seli zote za Vero zinazotumika leo duniani zimetokana na figo ya mnyama yule mmoja. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani walisoma ramani ya urithi wa seli hizo. Walithibitisha kuwa tumbili huyo alikuwa jike, na kwamba seli zake zimepoteza sehemu ya urithi yenye kinga ya awali dhidi ya virusi. Ndiyo maana virusi vya aina nyingi hukua ndani yake kwa urahisi. Mwaka 1987 ilianzishwa hazina ya seli za Vero iliyochunguzwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, ili watengenezaji wa chanjo wachukue mbegu kutoka hapo. Chanjo za polio na za kichaa cha mbwa zimetengenezwa kwa seli hizi, na pia chanjo ya kuharisha ya rota ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu kampeni ya mwaka 2012/2013 na wa Kenya tangu 2014. Chanjo za Sinopharm na Sinovac za ugonjwa wa korona nazo virusi vyake vilikuzwa ndani ya Vero.

Si tumbili peke yake. Mwaka 1957 Theodore Puck alianzisha seli kutoka kwenye kifuko cha mayai ya hamsta wa Kichina, ambazo leo hutengeneza dawa nyingi za protini. Mwaka 1958 Madin na Darby walianzisha seli kutoka kwenye figo ya mbwa, na seli za asili hiyo zimekuja kutumika kutengenezea baadhi ya chanjo za mafua. Mwanafunzi wa madhehebu ya Imam Shafi akisikia neno mbwa hapa hana budi kusimama.

MAMBO MANNE YA KUULIZA

Ukiitazama kazi hii hatua kwa hatua utaona kwamba swali la "je, ni halali?" si moja. Ni maswali manne.

La kwanza ni asili ya seli: imetoka kwa mnyama gani, na kwa njia gani? La pili ni chakula chake. Harrison alitumia limfu, Carrel alitumia maji ya damu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 chakula kikuu kimekuwa seramu ya vijusi vya ng'ombe, yaani maji yanayobaki baada ya damu kuganda, yanayotolewa kwenye kijusi wakati mama yake anapochinjwa. La tatu ni chombo cha kutenganishia, yaani tripsini, ambayo kwa miaka mingi imetolewa kwa kawaida kwenye kongosho ya nguruwe. La nne ni kile kinachobaki mwishoni. Virusi vikishavunwa, mabaki ya seli hutengwa na kuchujwa. Kwa chanjo za sindano zinazotoka kwenye seli za aina ya Vero, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1998 kiwango cha juu cha mabaki ya asidi ya urithi kuwa nanogramu 10 kwa dozi, yaani sehemu 10 za bilioni ya gramu.

Lakini kuchuja si kufuta. Mwaka 2010 vipande vya urithi wa kirusi cha nguruwe vilionekana katika chanjo ya rota, na chanzo kilichodhaniwa ni tripsini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri chanjo hiyo isimamishwe mwezi Machi, na mwezi Mei ikaruhusu iendelee, kwa kuwa kirusi hicho hakijulikani kumdhuru binadamu. Basi anayesema hakuna athari yoyote ya nguruwe katika njia ya kutengeneza amekosea, na anayesema mtoto analishwa nguruwe naye amekosea.

MAFAQIHI WETU WALISEMA NINI

Tukianza na asili ya seli, katika madhehebu ya Imam Shafi kila mnyama aliye hai ni twahiri isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Tumbili akiwa hai ni twahiri. Lakini haliwi, na asiyeliwa kuchinjwa hakumtwahirishi, kwa hiyo akifa ni nyamafu. Na kilichokatwa kwa mnyama aliye hai kina hukumu ya nyamafu wake, kwa hadithi ya Abu Waqid al-Laythi (r.a.) waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Basi kipande cha figo kilichoanzisha Vero, kwa asili yake, ni najisi kwa namna zote mbili. Seramu nayo imetokana na damu iliyomwagika, ambayo imetajwa katika Suratul An'am aya ya 145. Tripsini ya nguruwe haihitaji maelezo.

Je, seli zilizozaliwa baadaye, mabilioni kwa mabilioni, zina hukumu ya kile kipande cha kwanza? Hapa qiyasi inavuta pande mbili. Mwenye kuzifananisha na kizazi cha mbwa na nguruwe atasema tawi linafuata shina. Mwenye kuzifananisha na mmea uliota kwenye samadi, ambao wenyewe ni twahiri, au mdudu aliyezaliwa ndani ya mzoga, ambaye naye ni twahiri, atasema kiumbe kipya kina hukumu yake. Hili ni swali jipya, na mwanafunzi anayelitafuta neno kwa neno katika vitabu vya zamani hatalipata. Atakachokipata ni misingi ya kulipimia.

Msingi wa kwanza ni istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake mpaka jina na sifa zake zikaondoka. Mahanafi wamepanua mlango huu, na mfano wao mashuhuri ni nguruwe aliyeanguka kwenye shimo la chumvi akageuka chumvi. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameutetea kwa nguvu. Mashafi wameufanya mwembamba: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi iliyodabighiwa isiyokuwa ya mbwa wala nguruwe, na kilichogeuka kuwa mnyama. Kwa hiyo Mshafi hawezi kusema istihala kisha akafunga kitabu.

Msingi wa pili ni najisi isiyoonekana kwa jicho. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika Minhaj at-Talibin ameipa nguvu kauli kwamba najisi ambayo jicho haliidiriki hainajisi maji. Nanogramu 10 zinaingia moja kwa moja katika mjadala huu.

Msingi wa tatu, ambao kwa Mashafi ndio mpana zaidi, ni kujitibu kwa najisi. Watu wa kabila la Urayna walipougua Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza kwenye maziwa na mkojo wa ngamia, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Mashafi, ambao kwao mkojo wa ngamia ni najisi, wameichukua hadithi hii kuwa dalili ya kufaa kujitibu kwa najisi. Hadithi inayosema kwamba Allah hakuweka ponyo katika alivyoviharamisha wameielekeza kwenye vileo, au kwenye hali isiyo na haja. Imam Nawawi katika al-Majmu' ameweka masharti: kisipatikane kitwahiri cha kushika nafasi yake, na mgonjwa awe anajua manufaa yake au aambiwe na tabibu Muislamu mwaminifu. Na katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa na kinachosomeshwa kwenye darsa za Lamu, Mombasa na Unguja, amesema kwamba mtu aliyeunganishwa mfupa wake kwa mfupa wa najisi kwa kukosa ulio twahiri ana udhuru, na swala yake inasihi.

Ndugu msomaji, zingatia mas'ala hii ya mfupa. Zaidi ya miaka 600 kabla ya tone la Harrison, mafaqihi walikuwa wameshajiuliza juu ya sehemu ya mnyama najisi kuingizwa ndani ya mwili wa mtu na kubaki humo. Hawakukataa tiba, wala hawakuita najisi kuwa twahiri. Walisema: ni najisi, na ana udhuru, maadamu twahiri haikupatikana. Sehemu zote tatu za jawabu hilo zina uzito wake.

MABARAZA YA FIQHI YALIVYOAMUA

Katika zama zetu mabaraza hayakukubaliana katika kila kitu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilimzuia Muislamu kutumia katika chakula jelatini na hamira zilizotokana na nguruwe. Shirika la Kiislamu la Sayansi za Tiba, katika semina yake ya Kuwait mwaka 1995, lilichukua mwelekeo wa istihala na kuiona jelatini iliyogeuka dhati yake kuwa twahiri. Mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fat'wa na Utafiti, chini ya Sheikh Yusuf al-Qaradawi, liliulizwa juu ya chanjo ya matone ya polio iliyotumia tripsini ya nguruwe. Likaruhusu, likitazama uchache wa kitu hicho, kule kuchujwa kwake, na haja kubwa ya kuwakinga watoto na ulemavu.

Baraza la Maulamaa wa Indonesia, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Mashafi kama sisi wa pwani, lilikwenda njia nyingine mwaka 2018 kuhusu chanjo ya surua na rubela. Lilisema chanjo hiyo ni haramu kwa kuwa kitu cha nguruwe kilitumika katika kuitengeneza, kisha likasema inaruhusiwa kwa dharura, kwa kuwa haijapatikana iliyo twahiri na madhara ya kutochanja ni ya kweli. Ukilinganisha na mfupa wa Imam Nawawi utaona ni jawabu lile lile: najisi, udhuru, na sharti la kukosa mbadala.

Lakini wengi walisikia nusu ya kwanza tu. Neno haramu lilienea upesi kuliko neno dharura, na katika mikoa kadhaa ya nje ya Java idadi ya waliochanjwa ilishuka sana, Aceh ikiwa mbele. Hapa kuna funzo kwa kila mwenye mimbari. Fat'wa yenye sehemu tatu ikitolewa sehemu moja inakuwa fat'wa nyingine.

Kabla yake kulikuwa na Nigeria. Mwaka 2003 Kano na majimbo mengine ya kaskazini yalisimamisha chanjo ya polio. Huko neno halikuwa nguruwe, bali hofu kwamba chanjo imetiwa dawa ya ugumba. Kano ilirejea mwezi Julai 2004 baada ya kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda huo virusi vilikuwa vimeshatoka. Vilifika nchi zipatazo 20, nyingi zikiwa za Waislamu, zikiwemo Sudan na Yemen. Mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe, ambako watu wapatao 300 walipooza. Nchini Yemen walizidi 400. Wengi wao walikuwa watoto, na mtoto hana sauti katika mjadala wa wakubwa.

WAJIBU ULIOBAKI

Kutokana na historia hii tunajifunza kwamba dharura ni mlango wa kupitia, si nyumba ya kuhamia. Udhuru wa mfupa wa najisi umefungwa kwenye kukosa ulio twahiri, na wajibu wa kuutafuta twahiri haukuondoka. Tazama habari ya insulini. Tangu miaka ya 1920 wagonjwa wa kisukari waliishi kwa insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe, na maulamaa waliruhusu kwa dharura. Mwaka 1982 ikaidhinishwa Marekani insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria. Tangu hapo, pale inapopatikana na kumfaa mgonjwa, udhuru wa kutumia ya nguruwe umeondoka.

Ukuzaji wa seli unaelekea huko huko. Leo kuna vimeng'enya vya kutenganishia seli vinavyotengenezwa kwa vijidudu bila nguruwe, na kuna vyakula vya seli visivyo na seramu ya damu. Wataalamu hawakuvianzisha kwa ajili yetu peke yetu. Wao walichoshwa na virusi vya wanyama kama vile vya mwaka 1960 na 2010. Hapa maslahi ya twahara na maslahi ya usalama yamekutana. Bado chanjo nyingi hutumia njia za zamani kwa sababu kubadilisha njia kunahitaji majaribio mapya na fedha nyingi. Atakayegharimia ni nani, ikiwa wenye haja ya twahara wanalalamika tu?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), ameeleza katika Ihya kwamba elimu ya tiba ni fardhi kifaya. Akasikitika kwamba miji mingi ya Waislamu ya wakati wake haikuwa na matabibu ila kutoka kwa watu wa dhimma, huku watu wakisongamana kwenye mijadala ya fiqhi ambayo tayari ilikuwa na wa kutosha. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900. Sharti la Imam Nawawi la tabibu Muislamu mwaminifu linategemea kwamba tabibu huyo yupo. Kijana wa madrasa anayependa biolojia hafai kuambiwa kwamba ameacha elimu ya dini. Huenda yeye ndiye atakayewaondolea Waislamu wenzake udhuru huu.

Kwa imamu anayeulizwa swali tuliloanza nalo, jawabu la uaminifu lina urefu kidogo, lakini halina ugumu. Ndiyo, virusi vya chanjo fulani vilikuzwa ndani ya seli ambazo asili yake ni figo ya tumbili, na kitu cha nguruwe kimetumika katika baadhi ya njia. Kinachobaki ni kidogo kiasi cha kutodirikiwa na jicho, kama kinabaki. Maulamaa wametofautiana kama kimetwahirika, lakini mabaraza yaliyoulizwa juu ya chanjo hizi yameruhusu zitumike pale ambapo hakuna mbadala na madhara ya kuziacha ni ya kweli. Ukiwa na mbadala ulio twahiri, uchukue. Na swali la chanjo mahsusi lipelekwe kwa mwanachuoni akiwa amekaa na mtaalamu wa dawa, kila mmoja akimsikiliza mwenzake.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, atukinge na kusema juu ya dini yake bila ya ujuzi, na awahifadhi watoto wa Kiislamu na wa watu wote dhidi ya maradhi. Wallahu a'lam.